Si Mwakio Aliyeharibu Taimingi

Jumanne, Voi

Taimingi, yaani wakati wa cheche za injini kuwaka, haikuwa na shida. Wiki nzima nimemlaumu mdogo wangu Mwakio kwamba aliichezea distribyuta inayogawa cheche hizo, kwa sababu tangu arudi kutoka Kasigau na gari la marehemu baba, limekuwa zito na linakula mafuta ovyo. Hata salamu zake sikuitikia.

Leo fundi Nyambu amepima taimingi kwa taa yake, ikawa sawa. Kisha akachomoa kale kapaipu kembamba kanakotoka kwenye kabureta kwenda kwenye distribyuta, upande wa kabureta tu, akanipa ncha yake.

"Nyonya, mwalimu."

Nikanyonya. Hewa ikaja bure tu, bila kuzuiwa na kitu.

"Mpira wa ndani, huku kwenye distribyuta, umepasuka," akasema. "Gari likishika mwendo, cheche inachelewa. Ni uzee, hakuna mtu ameharibu."

Amefunga mpira mwingine aliotoa kwenye gari bovu. Nimeenda na gari letu mpaka Maungu na kurudi, jepesi kabisa.

Jioni nimempigia Mwakio, nikamweleza habari ya mpira. Akauliza:

"Sasa kaka, Jumapili naweza kumpeleka mama kanisani nalo?"

Nikamwambia aje achukue ufunguo. Neno samahani sikulisema. Akija nitamwambia, hata kama mama anasikia.