Nimejificha Miaka Miwili Nyuma ya Mapipa ya Rangi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali usinitaje, maana hii ikijulikana nimekwisha.

Mimi ni baba wa familia, nilikuwa fundi wa msumeno wa mashine kwenye kiwanda cha mbao, siku moja ubao ukaruka, msumeno ukanichukua vidole vitatu vya mkono wa kulia, nikalazwa, na nikiwa wodini nikaletewa barua kwamba nitalipwa kila mwezi kwa ajili ya ulemavu, nikamshukuru Mungu, lakini dereva wa lori aliyelazwa kitanda cha pili, mguu kwenye plasta, akaniambia, "Bwana wee, hiyo hela ni ya mtu asiyejiweza, siku wakikuona umeshika hata ufagio wanakukatia, na jela unakwenda," basi maneno hayo yakaniingia mpaka kwenye mifupa.

Sasa mshauri, mwanamume hawezi kukaa nyumbani anatazama dari, mkono ulipopona mama mmoja mwenye duka la rangi akanichukua nimchanganyie rangi, na kumbe nina jicho, mteja akileta kipande cha plasta ya ukuta wake namtolea rangi ileile, nafanya kazi siku sita kwa wiki, asubuhi mpaka jioni, wateja wananiita Daktari, na kila mwaka fomu ya uhakiki ikija, pale wanapouliza kama nafanya kazi, naandika hapana.

Aibu yenyewe ndiyo hii, nikitoka dukani nautundika mkono shingoni kwa kitambaa mpaka nifike nyumbani, mkono ambao hauniumi hata kidogo, na mwezi uliopita msimamizi wangu wa zamani wa kiwandani alikuja kununua rangi ya mlango, nikajificha nyuma ya mapipa karibu saa nzima, na yeye kang'ang'ania kwamba hahudumiwi na mtu mwingine ila Daktari, harufu inanitekenya pua, nusura nipige chafya. Mke wangu anawadanganya majirani kwa ajili yangu, amekonda. Juzi nimemkuta binti yetu wa miaka minne kajifunga mkono shingoni, nikamuuliza anacheza nini, akasema, "Nacheza baba." Mshauri, nilitoka nje nikalia.

Sasa mwenye duka anafungua duka la pili na anataka mimi ndiye nilisimamie, jina langu liandikwe mlangoni, jibu analitaka kabla ya Ijumaa. Nikikubali nitakamatwa, nikikataa nitamwambia sababu gani? Nakuambatanishia barua yenyewe ya malipo uone nilivyokwama. Nifanye nini?

Mwenye Mkono Shingoni

MSHAURI ANAJIBU

Baba, keti kwanza. Umekaa? Haya.

Barua yako ya malipo ina kurasa mbili zilizobanwa kwa pini, na pini yenyewe imeshika kutu mpaka kurasa zimegandana. Nimezibandua mimi. Ukurasa wa pili unasema hivi: "Malipo haya ni fidia ya vidole vilivyopotea. Yataendelea, mlipwaji awe anafanya kazi au hafanyi." Nimemwonyesha wakili wa gazeti, akasoma mara mbili, akasema hapa hakuna hata la kubishania. Hela ni yako, na kazi ni yako.

Nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kulikoni, halafu nikamkumbuka yule mtoto, kicheko kikaniisha. Jamani! Miaka miwili unanyatia haki yako mwenyewe kama mwizi, kwa neno la mtu mwenye mguu kwenye plasta! Dereva wa lori amekuwa hakimu lini? Yeye anakusomea sheria kitandani, na wewe barua yenye jina lako hujaifunua!

Ila usianze kurukaruka. Ile "hapana" uliyoandika kwenye fomu ni uongo, hata kama haukukuongezea kitu, na hapo sikusafishi. Kesho asubuhi, si wiki ijayo, nenda ofisini kwa hao wanaokulipa. Mwombe mwenye duka barua inayoeleza ulianza kazi lini. Hicho kitambaa kitupe. Waambie wazi: niliogopa, nikaandika uongo, nimekuja kusahihisha. Watakufoka. Nyamaza ufokwe, umejitakia. Lakini usitoke humo bila karatasi yenye mhuri inayoonyesha kwamba umesahihisha, na ukishaipata, mjibu mwenye duka ndiyo, waandike jina lako kwa herufi kubwa. Binti yako mpeleke dukani siku moja akuone ukichanganya rangi.

Halafu kuna jambo limeniuma. Kuhusu hofu yako umeandika barua nzima, kuhusu mkeo umeandika mstari mmoja. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni kila siku akitetea uongo ambao si wake. Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, usikimbilie ofisini wala dukani. Mwite, mkae wawili, umwambie, "Mke wangu, hatujaiba." Kisha mwache alie mpaka amalize.