Tumbo Nililolipima Mara Mbili

Jumanne, Julai. Ukungu umeikalia Milima ya Iveti tangu alfajiri.

Kwa wiki tatu, nikiwa hapa nyumbani Machakos, kazi yangu imekuwa kutazama video za upasuaji wa roboti na kuzipa alama. Tumbo la mgonjwa hujazwa gesi liinuke kama hema, na ndani yake mikono ya roboti hufanya kazi. Mimi hupima ubora wa nafasi hiyo: moja ni finyu na ya hatari, tano ni pana na salama. Video hazina majina, na baadhi hurudiwa kwa siri ili sisi wapimaji nasi tupimwe.

Mpimaji mwenzangu ni Sista Ndinda, muuguzi wa chumba cha upasuaji tangu kabla sijazaliwa. Alama zetu hazipatani. Jana, katika kikao cha mtandaoni, nilimweleza kiongozi wa utafiti wetu kwamba sista hupima kwa hisia, hivyo alama zake zifutwe naye aondolewe. Nilijenga hoja kwa ufasaha. Hilo nalijua.

Sista alicheka. "Aii, injinia! Wewe unapima picha. Sasa tumbo utapima lini?"

Uamuzi ni kesho saa tatu asubuhi, katika kikao kingine.

Leo mchana nimeipa video moja alama ya mbili. Ukuta wa tumbo ulikuwa ukishuka polepole, dawa ya kulegeza misuli ikiishiwa nguvu, na vyuma vikaanza kugongana. Kisha nikaona kovu dogo kando ya ini.

Nalijua kovu hilo.

Nimerudi kwenye orodha. Wiki ya kwanza, video hiyohiyo niliipa nne. Picha ilikuwa angavu, damu hakuna, nikaridhika. Leo nimelitazama tumbo, na jicho lililolitazama si langu. Ni la sista, ambaye nimeomba aondolewe.

Mfumo unaruhusu kurekebisha alama hadi asubuhi. Nimekaa saa nzima, kidole juu ya ile nne. Nikiigeuza iwe mbili, nitaonekana mpimaji thabiti, naye sista atakwenda zake.

Nimeiacha.

Nimemwandikia kiongozi kwamba nabatilisha ombi langu, nikaeleza sababu, nikatuma kabla hoja nyingine haijanijia.

Imebaki kesho, mbele ya sista mwenyewe. Je, mdomo huu utaweza kusema "nilikosea" bila kuongeza "lakini"?