Pazia la Mama na Hesabu Zako za Kodi

Mtaa wa Merrill,
Methuen, Massachusetts.
Jumapili, 9 Machi 2014

Mdogo wangu mpendwa Normand,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi yetu. Hujambo huko Arizona? Carol na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila goti langu, ambalo siku hizi linatabiri theluji vizuri kuliko redio. Basi, nimesalimia kama Mama alivyotufunza. Sasa nina hasira, na nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Mama ameniambia unataka kumhamishia Florida. Eti umelinganisha tena kodi za majimbo. Normand, tena? Ya New Hampshire hatujayamaliza!

Nakumbuka ile Krismasi ya mwaka juzi mezani kwangu, kabla hata hatujakata pai ya nyama. "Mama, unang'ang'ania nini Massachusetts? Wanakukamua tu! Vuka mpaka hapo, hakuna kodi ya mapato, hakuna kodi ya dukani." Mama akakutazama, mwanawe msomi, akasema, "Kama Normand kapiga hesabu, mimi ni nani?" Nyumba aliyoishi na Baba ikauzwa kabla theluji haijayeyuka, naye akahamia New Hampshire.

Hesabu zile zilikuwa zako, si zake. Mwenye mshahara mnono ni wewe. Mama anaishi kwa pensheni ya wazee ya serikali kuu, na hiyo Massachusetts haiigusi. Chakula anachonunua hakitozwi, nguo zake hazitozwi. Alikimbia kodi ambayo hakuwa akiilipa! Faida yote aliyopata kwa kuhama ni ile televisheni aliyoinunua kule bila kodi ya dukani.

Na kule serikali haili upepo, inachukua kwenye nyumba. Kodi ya jengo anayolipa sasa ni karibu maradufu ya ile ya hapa. Wazee wana nafuu, lakini mpaka wawe wamekaa jimboni miaka mitatu. Taka za mjini kwao hazizolewi, kila mtu anapeleka mwenyewe dampo, na Mama haendeshi tena gari. Kwa hiyo Jumamosi wenzangu wanavuka mpaka kununua pombe ya bei nafuu, mimi navuka kubeba mifuko ya taka. Mlinzi wa dampo ameshanizoea. "Karibu, malkia wa Massachusetts! Leo umetuletea nini?" Cheka, Normand. Mimi sicheki.

Hayo yote ningeyameza. La Yvette limenikaa kooni.

Unamkumbuka Yvette Gagnon, jirani wa mkabala. Tangu wote wawili wawe wajane, yeye na Mama walikuwa na utaratibu wao: kila anayeamka anapandisha pazia la jikoni. Saa moja asubuhi ikipita na pazia bado liko chini, mwenzake anavaa viatu anakwenda kugonga. Januari hii iliyopita, Yvette alianguka kwenye ngazi. Walionunua nyumba ya Mama ni watu wema, lakini nani aliwaambia habari za pazia? Alikutwa Jumapili, padri alipouliza mbona haonekani kanisani. Alikuwa ameshafariki. Mazishini Mama hakulia. Tulipoingia garini ndipo akasema, "Mimi ningeliona."

Nikamwuliza kwa nini hakukwambia kwamba Florida hataki. "Mwache mtoto. Atadhani alikosea." Ulikosea, Normand! Na mtoto wa miaka hamsini na mbili anaweza kuambiwa.

Nimemwombea chumba katika nyumba za wazee karibu na kanisa letu, na kimepatikana. Anataka kurudi, ila hathubutu kabla hajasikia neno lako. Mpigie wiki hii. Mwambie ulikosea, mwambie arudi kwao, na usimpigie hesabu nyingine hata moja. Mwezi wa tano uje ubebe makabati, mgongo wangu umechoka.

Msalimie Carol, Denise na Marc. Shangazi Lorraine anawasalimu, anauliza kama huko bado mnakula maharage Jumamosi kama desturi ya nyumbani. Mungu awalinde nyote, na wewe akulainishe hiyo shingo.

Jana nililala kwa Mama. Alfajiri nilimkuta jikoni anapandisha pazia. Mkabala na dirisha lake kuna misonobari tu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,
Rejeanne