Mlango wa Ofisi Yako

Mjukuu wangu, mume wangu,

Jirani anaandika, mimi nasema. Kuku mweupe ametotoa. Goti bado linanisumbua.

Mpika chai wenu amenipigia simu analia. Kumbe ulianguka ofisini, mafundi wako wa kushona wakasikia kishindo, wakabaki wamesimama nje. Ulishawaambia atakayefungua bila kuitwa hana kazi. Basi wakangoja waitwe, na wewe uko sakafuni huna sauti, mpaka huyo mpika chai akasema liwalo na liwe, akaingia.

Mimi ukanidanganya ni mafua.

Kiwanda kizima kinakuogopa, nawe unasema ndiko kuongoza watu. Ule, ulale, uwaombe radhi. Na huo mlango uung'oe. Ijumaa nakuja na goti langu hili. Nikiukuta, nitaung'oa mwenyewe.

Bibi yako, mkeo wa kwanza