Shamba la Kitindamimba

Jumanne, 8 Oktoba 1611

Baba bado hainuki. Supu ya shayiri kaisukuma. Nimekamua ng'ombe, nimelisha nguruwe, nimechuma matofaa ya juu peke yangu. Miaka yote hii ni mimi — na Baba akifumba macho leo, shamba ni la Averil! Ndiyo desturi kwenye ardhi tunazopangishwa na bwana wetu: mtoto wa kiume hakuna, basi binti mdogo anabeba yote. Kosa langu ni kutangulia kuzaliwa.

Averil hata kukamua hajui. Ana mume, ana nyumba mjini Lewes, ana glavu za ngozi laini. Na nywele zile! Namwonea wivu mpaka chakula hakipiti.

Ijumaa, 11 Oktoba

Baba kasema mwenyewe, sikumwomba. Atawaita wapangaji wenzake wawili, atashika fimbo, alama ya ardhi, mbele yao na kuwakabidhi, wao wapeleke neno kwenye baraza la bwana: ardhi iandikwe jina langu. Desturi inaruhusu, mradi aishike fimbo angali hai.

"Averil ana Giles wake," akasema. "Wewe una nani?"

Nilimbusu mkono. Kisha nikaenda zizini nikalia kwa hasira. Kumbe si kwa jasho langu. Nimehurumiwa tu.

Jumapili, 13 Oktoba

Averil kaja. Kasisi ndiye aliyempelekea habari za ugonjwa, mdomo wake haukai. Kaingia tu, Baba kaketi! Kanywa supu — supu yangu ile ile — kwa mkono wa Averil. Akacheka. Sijasikia kicheko hicho tangu Mama alipokuwa hai.

Nilimweleza Averil habari ya fimbo, nikingoja anune. Hakununa. Eti nichukue shamba, Dada, yeye ng'ombe wa nini? Afadhali angegombana nami! Hata cha kumnyang'anya hana.

Jumanne, 15 Oktoba

Baba kazidiwa tangu alfajiri. Mzee Tuppen na Mzee Akehurst, wale wapangaji wenzake, wako juu chumbani, fimbo tayari. Baba hataki kuigusa. Anataka Averil kwanza. Nikamwambia, Baba, shika, halafu nitamwita. Akageuzia uso ukutani.

Mzee Tuppen akanivuta hadi kwenye ngazi.

"Petronell, mwite mdogo wako. Baba yako akikata roho hajaishika fimbo, huna chako hapa."

Najua. Nani anajua kuliko mimi? Nikasema nakwenda. Nimeshuka, nimekaa jikoni, nimeshika kalamu.

Averil yuko bustanini anaokota matofaa, kofia yake naiona kwa dirisha. Hajui lolote, anadhani Baba kalala. Ni kupaza sauti tu. Ng'ombe wangu, bustani yangu, jiko hili — vyote vyangu, kwa kumwita tu.

Lakini atapanda ngazi ile, na Baba atamtazama kama juzi. Mimi nitasimama mlangoni na ndoo. Mimi niliyemwosha, niliyemgeuza kitandani! Mimi hakuniulizia.

Mzee Akehurst ananiita kutoka juu. Sasa anaita kwa nguvu.

Averil kainua kichwa. Kaniona dirishani, ananipungia mkono.

Nimempungia tu, sijamwita.