Siku Ufukwe Ulipookolewa Bila Mimi

Alhamisi. Upepo wa baharini umevuma tangu asubuhi, na nimerudi nyumbani Berea na kichwa kizito.

Tumeshinda, na sina furaha.

Ule ufukwe wa mawe, kusini mwa mji, hautajengwa maghorofa. Manispaa imekubali leo: itakuwa bustani ya kumbukumbu, wazi kwa kila mtu. Wakati wa ubaguzi wa rangi, pale ndipo watu weusi waliporuhusiwa kuoga. Fukwe za mchanga mzuri zilikuwa za wazungu. Mama yake Nomusa alibatizwa pale, akachumbiwa pale, na kaka wa mama huyo alizama pale kwa sababu hapakuwa na waokoaji.

Nomusa ni rafiki yangu wa kwanza katika nchi hii. Nilipofika kutoka Bukavu, nikiogopa hata kufungua mdomo kwenye taksi nisitambulike kuwa mgeni, alinipeleka kwenye ufukwe ule pamoja na watoto wangu, akaniambia, "Hapa hakuna atakayekufukuza."

Ndiyo maana alipoanzisha kamati ya kuutetea ufukwe niliingia moja kwa moja. Jumamosi tuliokota chupa na plastiki. Kwenye saluni ninakosuka, niliwaomba wateja wazee wanisimulie habari za pale, nikawarekodi kwa simu yangu. Zile sauti zilizowaliza watu leo ukumbini, kwenye mkutano wa manispaa, ni mimi niliyezikusanya.

Mlangoni mwa ukumbi Nomusa alinishika mkono. "Sisi, leo kaa nyuma. Mimi nitaongea." Huniita hivyo, kwa Kizulu ni dada.

Nikakaa nyuma. Sikuona ubaya.

Halafu mwanaume mmoja wa upande wa wajenzi akasimama. "Kamati hii ni ya wageni," akasema. "Wanataka kutunyang'anya bahari yetu."

Watu wakaanza kunong'ona. Nikamtazama Nomusa, nikingoja.

"Hapana," akasema kwenye kipaza sauti. "Hakuna mgeni katika kamati yetu. Kazi hii yote ni ya watoto wa hapa."

Wakampigia makofi. Mama mmoja pembeni yangu, ambaye tumebeba naye mifuko ya takataka, aliinamisha macho.

Eish. Nilijisikia kama nimevuliwa nguo mbele ya watu.

Nje Nomusa alinikimbilia anikumbatie. "Tumeshinda, sisi!"

"Wewe na nani?" nikamuuliza.

Akaacha kucheka. "Ningefanyaje? Wangekataa. Ulitaka ufukwe ama ulitaka kutajwa?"

"Nilitaka usinikane."

Watu wa kamera walimwita, akaenda.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huenda amesema kweli. Pengine jina langu lingetuharibia kila kitu. Lakini angeniambia kabla! Ningekubali mwenyewe kunyamaza, na leo ningelia machozi mengine.

Sasa hivi ametuma ujumbe. Jumapili iko sherehe kule ufukweni, anaomba kesho nimsuke apendeze. Hakuna neno lingine, kama vile hakuna kilichotokea.

Nimemjibu: Tafuta mtu mwingine. Nikazima simu.

Jumapili nitapanda taksi na watoto wangu. Hatutakwenda kwenye hema la waalikwa. Tutaingia majini, tuoge mpaka tuchoke.

Nomusa akituona, ataamua mwenyewe kama anatujua.