Duara la Chaki kwenye Kulabu

Jumatatu, 4 Machi 1968

Mvua tangu alfajiri. Nimemaliza mlango mmoja wa lori la ushirika. UHURU NA KAZI, herufi nyeupe. Wa pili rangi haikauki. Tukuyu hii ukisubiri jua utazeeka na brashi mkononi.

Karakanani kumeingia kigari. Cha watu wawili, kifupi hivi kwamba kuku anaweza kuchungulia ndani. Mwili wa plastiki. Ni cha Injinia, yule kijana wa mitambo ya kiwanda cha chai. Jumamosi wanashindana kuzunguka uwanja wa zamani wa ndege. Kamati ya mashindano imemkatalia mpaka gari liwe na kulabu mbele na nyuma, za kulivutia likikwama kwenye tope. Tena ziwe nyekundu, zionekane. Kulabu ni kazi ya Mzee. Wekundu ni wangu.

Mzee ni baba wa mume wangu. Kwa mila yetu simtazami, sisemi naye, silitaji jina lake. Hata hapa siliandiki. Akija karakanani anagonga fuawe kwa nyundo mara mbili, mimi natoka kwa mlango wa nyuma. Akiondoka anagonga mara moja, narudi. Miaka minne chumba kimoja na ninachokijua ni mgongo wake tu. Tunaelewana kwa chaki. Pakinishinda kupaka, nazungushia chaki pale palipobaki, naye anapaka. Hatujawahi kukosea.

Jumanne, 5 Machi

Mzee amechomelea kutwa. Nimekaa nje chini ya bati nasikiliza gesi ikivuma. Kulabu ametengeneza kwa chuma cha springi ya lori, kinene kuliko kidole gumba. Anavuta gari au anavuta nyumba?

Barua ya mume wangu Anyitike kutoka Mbeya. Bado anasomea udereva wa malori. Anauliza tumbo. Tumbo lipo, linapiga mateke.

Jumatano, 6 Machi

Kulabu ya nyuma nimepaka. Ya mbele nimeiacha.

Kuinama na mimba ya miezi saba si mchezo, gari lenyewe liko chini. Nimelala ubavu juu ya gunia. Kulabu haina neno. Shida ni pale iliposhikishwa. Ndani ya ile plastiki gari zima ni vibomba, vya baiskeli ni vinene zaidi. Kibomba cha mbele Mzee amekichoma kwa moto wa kuchomelea lori. Pembeni ya kovu pana ufa, unywele tu. Nimepitisha ukucha, umekwama. Nimefuta na kitambaa, nikapitisha tena. Umekwama.

Likivutwa kwa nguvu kulabu itang'oka na kipande cha bomba, iruke na kamba. Na anayefunga kamba, anayesimama mbele na mkono juu yake kuongoza, siku zote ni Mzee. Hamwachii mtu.



Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia mama mkwe. Yeye ndiye anayepeleka maneno kati yangu na Mzee. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Nikamwambie mwenye nyumba kwamba mkaza mwana anakagua kazi yake? Alichomelea madaraja wakati wa vita, wewe hujazaliwa."

Nikasema, Mama, ufa upo, nimeugusa. Akasema ufa uko kwenye adabu yangu.

Nimekasirika. Nikafikiria kwenda kwa Injinia. Halafu nikamwona akilini Mzee anaambiwa makosa yake na kijana wa juzi, mbele ya watu, na wote wajue maneno yametoka kwa nani. Sikwenda. Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye: sikwenda kwa sababu ya woga. Heshima ni jina nililoupa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimechora duara la chaki kuuzunguka ule ufa. Nene, mara tatu. Rangi sikupaka, makusudi. Ataona duara, atainama, atauona ufa.

Fuawe ikalia mara mbili. Nikatoka. Nikangoja kusikia tupa ikikwangua, au gesi ikivuma. Kimya. Baadaye ikalia mara moja.

Nimeingia, kulabu nyekundu. Chaki, ufa, vyote chini ya rangi. Amepaka vizuri, hakuna hata tone lililovuja. Gunia langu amelikunja akaliweka juu ya benchi. Alidhani tumbo limenishinda kuinama. Amenihurumia, akanimalizia kazi.

Nimekaa juu ya lile gunia nikalia. Nikiwa bado nalia Injinia akaja kulichukua gari. Akauliza kama naumwa. Nikasema moshi. Mdomo ninao, na nilichosema ni moshi.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike yote yalivyokuwa.

Watu wametoka Ibighi, Msasani ya hapahapa Tukuyu, wengine wamepanda kutoka Masoko. Mvua ilikatika saa nne, uwanja ukabaki uji. Nikasimama upande wa wanawake, kanga usoni. Mzee upande wa pili, kavaa koti lake la kanisani. Amekuja kuona kulabu zake.

Magari sita. Nikaomba moyoni lile dogo lisikwame. Mzunguko wa tatu likateleza kwenye kona, likazama hadi plastiki ikagusa tope. Land Rover ya kiwanda ikarudi nyuma kwenda kulivuta. Na Mzee huyo, anavuka uwanja na kamba begani, watu wanampisha. Akafunga. Akapimia fundo kwa kuvuta mara mbili. Akasimama katikati ya magari mawili, mgongo kwa kulabu, mkono juu ya kamba. Kama nilivyojua.

Land Rover ikanguruma. Kamba ikakaza. Nikaona wekundu unainuka, kidogo, kama jino linalolegea.

Nikaita jina lake. Lote, na la baba yake. Sikujua nina sauti ile.

Akageuka. Akapiga hatua mbili kuja ilikotoka sauti, na kulabu ikang'oka ikapita pale alipokuwa amesimama. Ikagonga mlango wa nyuma wa Land Rover ikautoboa. Ingempata kiunoni.

Hakuna aliyeitazama kulabu. Walinitazama mimi. Kanga ilikuwa imeanguka. Mzee naye alinitazama, na kwa mara ya kwanza nimeuona uso wake. Ni wa Anyitike, wenye mvi.

Nikajifunika. Nikarudi nyumbani peke yangu kwa miguu.

Jumapili, 10 Machi

Sikwenda kanisani. Mama mkwe kaniletea uji, kauweka mlangoni kaondoka. 

Jumatatu, 11 Machi

Balozi wa nyumba kumi amepita. Anataka nisimame mkutanoni nieleze namna nilivyovunja mila za kizamani. Eti mfano kwa ndugu wanawake. Nimemwambia nina kazi. Sikuvunja kitu kwa ajili ya mkutano. Nimelitaja jina la mkwe wangu mbele ya uwanja mzima na naona aibu, na ningelitaja tena. Yote mawili ni kweli na yananichosha.

Kisimani wanawake wamenyamaza nilipofika. Bora wangesema.

Mzee hajaja karakanani. Nasikia amekaa nyumbani na ile kulabu, anaigeuzageuza, anapitisha ukucha.

Jumatano, 13 Machi

Barua nimemwandikia Anyitike, nikaichana.

Gari dogo limerudishwa. Fuawe imelia mara mbili. Nilikuwa nimesahau mlio wake ulivyo. Nikatoka haraka nikajigonga tumbo kwenye mlango. Leo gesi haikuvuma. Nimesikia kekee ikitoboa, taratibu, kutwa nzima.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua ndogo.

Fuawe mara moja, nikaingia. Kulabu mpya, nyembamba. Safari hii hakuchomelea. Amebana kwa bolti nne, na vibati viwili vimelikumbatia bomba juu na chini. Rangi hakupaka. Gari amelipandisha juu ya magogo, usawa wa kifua changu, nisiiname. Dirisha la upande wa kulabu, ambalo halijafunguliwa tangu niolewe, liko wazi, mwanga unaingia. Juu ya benchi, chaki. Mpya, nzima.

Nimepitisha ukucha pote. Bolti tatu safi. Ya nne haina washa, ile pete ya chini ya nati, imekaa upande. Nimesimama pale muda mrefu. Kisha nikaizungushia duara, dogo, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Mara mbili. Nikasikia spana. Kikohozi kimoja. Mara moja.

Nimerudi, washa ipo. Duara amelifuta kwa kitambaa, amesafisha mpaka chuma kinang'aa.

Nikafungua kopo, nikapaka nyekundu.